Arobaini ya Jumba la Fanaka

Kwaru. Kwaru, kwaru. Kimya. Kisha tena, kwaru.

Umeme ulikatika magharibi, nami nilikuwa nimekaa kitandani gizani, napinda ukingo wa kanga kwa kupapasa. Nikasema moyoni, leo panya wamepata ujasiri wa kuja kabla hatujalala. Nikanyanyua kandambili. Kumbe ni Salha, binti yangu wa miaka mitano, amejibanza pembeni ya meza na sufuria, anakwangua ukoko.

"Salha, si umekula wewe?"

"Nimekula wali, mama. Ukoko bado."

Nikacheka, nikaishusha kandambili, nikawasha redio ya betri ili tupate mtu wa tatu wa kuongea naye. Badala ya taarifa ya habari ukaanza ule muziki wa tarumbeta moja, ambao ukipigwa katika nchi yetu hata kuku hunyamaza.

"Wizara ya Uhuishaji wa Miji inasikitika kutangaza kifo cha Jumba la Fanaka, kilichotokea leo mchana baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu ameacha maduka mia mbili na kumi na mawili. Mazishi yatafanywa na tingatinga siku ya arobaini. Habari ziwafikie wapangaji wote, ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo."

Kijiko kikanyamaza.

"Mama, nani amekufa?"

"Kazini kwangu," nikamwambia.

*

Ni lazima nieleze, maana huenda wasomaji wengine wanatoka nchi ambazo majengo hayafi. Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilipelekwa kufanyiwa ukarabati, na kamati inayolishughulikia bado inasubiri viti. Lakini mji mkuu tunao, na katikati yake, miaka kumi na moja iliyopita, serikali ilijenga Jumba la Fanaka, ghorofa tano, vioo mbele na nyuma, ili wananchi waache tabia ya kununua vitu juani.

Lilikuwa na ngazi za umeme, za kwanza nchini. Siku ya ufunguzi zilitembea, zikawapandisha wakubwa hadi ghorofa ya pili, kisha zikasimamishwa zisije zikachakaa. Zikafungwa kamba nyekundu, zikawekewa askari. Cherehani yangu ilikaa chini ya ngazi hizo, na nakiri kwamba sijawahi kuona ngazi zilizotunzwa vizuri kama zile.

Mwaka wa kwanza wateja walikuja wenyewe. Serikali ikaona kwamba wakisaidiwa watakuja zaidi, ikaanza kuwasaidia.

Sera ya kwanza iliwaondoa wauza kahawa, machungwa na karanga waliokaa mlangoni, ili mteja asibabaishwe njiani. Waliondolewa vizuri sana. Wateja wakawafuata. Sera ya pili ilihamisha kituo cha mabasi kilomita mbili kutoka pale, na mahali pake pakachorwa mistari ya kuegesha magari ya wawekezaji. Mistari hiyo haijakanyagwa hata na baiskeli. Sera ya tatu ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu ilikuwa na picha: turubai refu sawa na jengo lenyewe, limechorwa watu wenye meno mazuri wamebeba mifuko na kucheka, na juu yao maneno HAPA PANAKUJA MAISHA. Lilitundikwa mbele ya Jumba, likafunika mlango. Ukitaka kuingia ilibidi uinue pindo la turubai pale kwenye kiatu cha mwanamke mwenye mkoba wa kijani. Sisi wenyeji tulikijua kiatu. Wageni walirudi kwao.

Kulikuwa pia na ujumbe wa watu thelathini na sita uliokwenda ng'ambo kujifunza jinsi wenzetu wanavyonunua. Walijifunza kwa vitendo. Ndege ya kuwarudisha ilibidi ije mara mbili, ya pili kwa ajili ya masanduku, na ripoti yao ilisema kwamba huko ng'ambo kununua kumeendelea sana.

Baada ya msaada wote huo, zilikuwepo siku ambazo mteja wangu pekee alikuwa yule askari wa ngazi, amekatikiwa na kifungo.

Utasema fundi akikosa mahali si atashonea nyumbani? Ningependa. Lakini mwenye nyumba wangu alikwisha nionya kwamba cherehani ya miguu inatikisa ukuta wake, na ukuta wenyewe unasimama kwa mazoea tu. Kwa hiyo Jumba likianguka, cherehani itakwenda kijijini kwa shangazi, mimi na Salha tutaifuata, na masomo yangu ya jioni, ambayo nimebakiza miezi saba nifanye mtihani, yatabaki mjini bila mimi.

Nilihesabu kwa vidole gizani. Siku arobaini. Vidole vilikwisha mara nne.

*

Asubuhi nilimkuta Bwana Kitwana, karani wa Wizara, amepanda ngazi ya mbao anafunga kitambaa cheusi juu ya yale meno mazuri.

"Pole na msiba, Mama Salha."

"Tumeshapoa, Bwana Karani. Lakini ndugu yangu, jengo linakufaje?"

"Kwa kifungu cha tisa. Kituo kikikosa wateja mia tatu kwa siku, miezi sita mfululizo, kimekufa. Wewe wiki iliyopita ulipata wangapi?"

"Wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia ya kutokea."

"Umeona?"

"Sawa. Na tanzia je? Si mngeleta barua tu?"

Akashuka, akatazama huku na huku. Bwana Kitwana si mtu mbaya. Ana mashati mawili, na yote nimeyageuza kola mimi.

"Wizara ina fomu thelathini na mbili za kufungua vitu," akaninong'oneza. "Ya kufunga haipo hata moja, kwa sababu rasmi hatujawahi kufunga kitu. Nilitafuta kabatini siku nzima. Karatasi pekee yenye neno la mwisho ilikuwa tanzia, iliyobaki alipofariki mhasibu. Nikabadilisha jina. Nikaipeleka redioni. Lakini msiwe na wasiwasi, kila mpangaji amepewa nafasi katika Jiji Jipya la Biashara." Akakunjua mchoro juu ya cherehani yangu. "Wewe uko hapa. Nyuma ya mti huu."

"Na mti wenyewe uko wapi?"

"Utapandwa."

"Lini?"

"Ukishachimbwa mto."

"Mto upi tena?"

Akaukunja mchoro. "Mama Salha, usiniulize kama mtu asiye na imani."

Imani ninayo. Nilimshukuru, nikaingia kwa njia ya kiatu.

*

Bwana Kitwana aliijua fomu. Waliomtoka akilini ni wananchi.

Katika nchi yetu msiba ukitangazwa, unahudhuriwa. Ukiusikia ule muziki unajifunga kanga ya pili, unabeba mkeka, unakwenda. Marehemu ni nani, utauliza ukishakaa. Asiyekwenda kwenye msiba wa watu, wa kwake atauzika na mbwa wake. Hilo tumefundishwa kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Saa mbili asubuhi Bi Hidaya, anayeuza mikeka na vyombo mkabala na mimi, aliangusha kitambaa chake cha vumbi.

"Mama Salha! Tazama, watu!"

"Wanataka nini?"

"Mbona wanalia?"

Waliingia kwa makundi. Wanawake wakakaa chini kwenye vigae, wanaume wakapanga viti nje juu ya mistari ya wawekezaji. Sisi wapangaji tukageuka wafiwa ghafla, mikono yetu ikashikwa, vichwa vyetu vikaegemezwa kwenye mabega ya watu tusiowajua. Bibi mmoja kutoka upande wa kaskazini wa mji akanikumbatia mpaka sindano ikanichoma.

"Pole, mwanangu. Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Kumi na moja, bibi."

"Masikini! Mtoto kabisa. Alikuwa anaumwa nini?"

"Sera," nikasema.

"Eh! Ilimpanda?"

"Mara tatu."

"Ile ikipanda haishuki," akasema bibi, akalia tena kwa sauti.

Adhuhuri mikeka ya Bi Hidaya, yote ya miaka miwili, ilikuwa imekwisha, na watu bado wanaingia. Akina mama wakatoka nje, wakalitazama turubai, wakalishusha, wakalitandika sakafuni wakalikalia. Mwanamke wa mkoba wa kijani akakaliwa na wanne. Mlango ukaonekana kwa mara ya kwanza tangu sera ya tatu, na nasikia kuna watu mtaa wa pili waliodhani ni jengo jipya.

Wauza kahawa wakarudi, kwa sababu msiba bila kahawa ni kikao tu. Askari wa mji walitaka kuwafukuza, lakini walipofika walipewa vikombe, na mtu huwezi kumfukuza aliyekushikisha kikombe cha moto. Mabasi nayo yakaanza kusimama mbele ya Jumba. Hakuna aliyeyaamrisha. Hakuna dereva mwenye mama anayeweza kuwapita wafiwa wamejifunga kanga akawashusha kilomita mbili mbele.

Shehe na mchungaji walishauriana pembeni, wakaona dua kwa jengo haina utaratibu, wakakubaliana wawaombee wanaoliendesha.

Na mimi? Mimi nilishona. Mtu akikaa chini na kuinuka mara ishirini, suruali lazima iachie. Wanawake wa mtaa wa viwandani walitaka sare ya msiba, magauni arobaini, kesho. Na ukimkalisha mtu mkekani siku tatu akitazamana na duka la sufuria, siku ya nne ana sufuria. Siku ya tano askari wa ngazi alichoka kuulizwa, akafungua kamba nyekundu, akabonyeza kitufe. Zikatembea! Wazee walizipanda wakishikana mikono na kusema pole, pole, mpaka juu.

*

Bwana Kitwana alikuja wiki ya pili kupima Jumba, ili tingatinga lijue lianzie wapi. Hakupima. Bi Hidaya alimwona na ile kamba yake ya futi.

"Wewe kijana! Unaingia msibani unapima kuta? Umelelewa na nani?"

"Niko kazini, bibi."

"Kazi itakula nini wewe usipokula? Kaa. Lete sahani hapa."

Akala wali na maharage. Siku ya pili akaja bila futi. Siku ya tatu akaja na mama yake mzazi. Kwa kuwa ni mtu mwaminifu, kila jioni alijaza fomu ya wateja, na Wizarani walipoisoma walidhani amevunja kalamu: siku moja watu elfu nne, siku nyingine elfu sita. Vituo hai vyote vya mji, vikijumlishwa, havikufika huko.

Kamati Kuu ya Uhuishaji ikakaa hotelini siku mbili, ikatoa tamko. Lilisomwa redioni na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

"Ndugu wananchi. Serikali yenu imethibitisha kwamba Jumba la Fanaka limefanikiwa kufa kwa kiwango cha juu. Kifo hiki ni matokeo ya mipango. Kuanzia mwaka ujao, kila wilaya itachagua soko moja lililo hai, litangazwe marehemu, ili nalo lipate wateja."

"Basi tumepona!" nikamrukia Bi Hidaya.

"Subiri," akasema. "Hajakohoa bado."

Waziri akakohoa. "Hata hivyo, ubomoaji utafanyika siku ya arobaini kama ulivyopangwa. Keki ya Jiji Jipya imekwisha katwa mbele ya mkandarasi, na serikali haiwezi kurudi nyuma kwenye jambo ambalo imekwisha lila."

Bi Hidaya akazima redio, akaendelea kupanga vikombe kwa ukubwa, vidogo mbele.

"Na arobaini ikifika," nikasema polepole, "matanga yanaanuliwa."

"Ndiyo."

"Watu wanarudi makwao."

"Ndiyo mila, mwanangu. Hakuna msiba wa siku arobaini na moja."

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Tingatinga ningeweza hata kulililia, huenda dereva ni mtu wa kusikia. Lakini mila ikisema nendeni, watakwenda, na sakafu itabaki na sisi na mwangwi wetu, na Waziri atasema, mnaona?

Jioni ile darasani mwalimu aliuliza nini kinaufanya mji uwe mji. Wenzangu wakataja barabara, maji, benki. Mimi nikasema ni pale unapokwenda kununua uzi ukarudi umechelewa kwa sababu ulikutana na watu. Mwalimu akasema jibu hilo halimo kitabuni, akanipa alama moja ya huruma.

*

Siku ya arobaini tuliamka mapema. Nilimvalisha Salha gauni la manjano, nikamwambia, leo utakaa karibu na mimi, usiende kucheza mbali.

Tulisoma dua, tukala pilau, tukaomba radhi. Saa nne Bi Hidaya, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, akaanua matanga. Akasimama, akasema, "Tunawashukuruni. Mliokuja, mmetustahi. Nendeni salama." Akina mama wakakung'uta kanga, wakakunja mikeka. Tukashikana mikono. Ule ukumbi mkubwa ukaanza kumwagika kama ndoo iliyotoboka, nami nikaweka mguu kwenye cherehani bila kushona kitu, nisikie tu sauti yake.

Nje, tingatinga la manjano lilikuwa limefika, na Mheshimiwa Waziri, na bendi. Utepe ulivutwa mlangoni, maana hata kubomoa kunafunguliwa. Nikasikia kipaza sauti kikitema mate.

Ndipo bibi yule wa kaskazini, aliyekwisha nipa mkono wa kwaheri, akarudi kutoka mlangoni. Akasimama mbele yangu, mkeka kwapani.

"Mwanangu, msiba umekwisha, si ndiyo?"

"Umekwisha, bibi."

"Basi sasa naweza kusema bila kukosa adabu. Nina wajukuu watano, shule zinafunguliwa Jumatatu. Sketi tatu, kaptura mbili. Nilikuwa naona haya kuagiza mbele ya marehemu."

Nyuma yake alisimama mwanamke mwingine. Nyuma ya huyo, baba na mapacha. Kwa Bi Hidaya nako nikasikia, "Ile birika niliyokuwa naitazama siku zote zile bado ipo?" Wale waliokuwa wanatoka wakagongana na wanaorudi. Basi likasimama nje, likashusha watu ambao hawakubeba mikeka, wamebeba vikapu.

Nikaanza kupima viuno. Kwa haraka, sketi ya kwanza niliiandika mara mbili.

Nilipoinua kichwa, wa kumi na nane kwenye foleni yangu alikuwa mwanamume mwenye kofia ngumu, ameshika suruali yake kwa nyuma.

"Samahani, dada. Imechanika nilipokuwa nashuka. Siwezi kubomoa hivi, kuna wapiga picha."

"Foleni, baba," akasema Bi Hidaya, bila kugeuka. "Hata kubomoa kuna zamu."

"Nina haraka, mama. Waziri ananisubiri."

"Naye akichanikiwa tutamshonea."

Watu wakacheka. Dereva naye akacheka, akaegemea ngazi za umeme, ufunguo wa tingatinga unaning'inia kidoleni, akamuuliza aliye mbele yake ile kahawa inapatikana wapi.

Nje, Mheshimiwa alikuwa amefika ukurasa wa tisa. Alisimama katikati ya mlango, mgongo kwetu, utepe kifuani, amefungua mikono.

"...kituo hiki, ndugu wananchi, ambacho hakuna mwanadamu anayekihitaji! Ambacho hata mimi, katika uhai wake wote, sikupata kuona mtu akivuka kizingiti hiki!"

Mbele yake walikuwa wamejipanga watu hadi pale mabasi yaliposimama, vikapu mikononi, wamenyamaza, kwa sababu katika nchi yetu mkubwa hasukumwi. Ndani walikuwa wamejipanga wengine, vifurushi kichwani, wakingojea kutoka. Bwana Kitwana alikuwa pembeni na fomu yake, kalamu iko hewani, anatazama kushoto na kulia. Bendi haikujua ipige nini.

Nikatazama chini. Salha hakuwepo.

Nikaliona gauni lake la manjano mlangoni, kati ya miguu ya watu. Alikuwa amefika nyuma ya Waziri. Nilitaka kumwita, lakini nilikuwa na pini sita midomoni. Akamvuta Mheshimiwa koti, taratibu, mara mbili, mpaka akageuka na kipaza sauti chake kikashuka kikawa sawa na uso wa Salha. Akamwamkia shikamoo kama nilivyomfundisha, akangoja aitikiwe, kisha akasema:

"Babu, naomba usogee, watu wanataka kuingia."